Incognito Si ya Mafisi Peke Yao

Ukitaja Incognito mbele ya wasee wa Nairobi, ngoja kicheko kwanza. Mmoja atakuita fisi, mwingine atauliza mpango wako wa kando anaitwa nani, na yule wa tatu, anayecheka kuliko wote, ndiye ambaye ukishika simu yake kwa haraka ya kuitisha teksi utakuta madirisha meusi kumi na moja yamepangana. Sina shida na hicho kicheko. Hata mimi nilikuwa nacho, mpaka nilipofanya kazi kwa saiba miezi saba.

Leo nataka tuongee kuhusu njia ya mkato moja tu. Ile aikoni unaweka kwa desktopu, unaibofya mara mbili, na brauza inafunguka ikiwa Incognito tayari, bila kwenda kutafuta zile nukta tatu za pembeni. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini nikikupa hizo dakika mbili bila kukuambia jinsi nilivyofika hapo, utaiweka vibaya kama nilivyoiweka mimi, halafu utadhani umemaliza.

Saiba yenyewe ilikuwa Eastlands, ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Nilikuwa nimemaliza KCSE, nangoja kuitwa chuo, na kukaa nyumbani bila kazi kulikuwa kumeanza kuwa kesi. Tulikuwa na kompyuta sita na printa mbili, moja ikiwa mgonjwa siku zote. Shilingi moja kwa dakika, kuprinti ashu kwa ukurasa. Wanaosema saiba zilikufa kwa sababu kila mtu ana simu hawajapita hapo mwisho wa Juni, wakati watu wazima wote wanakumbuka kwa siku moja kwamba KRA inataka ritani kabla tarehe 30 kuisha. Hawajapita HELB ikifunguliwa, ama KUCCPS ikifungua watu wachague kozi. Foleni inashuka ngazi mpaka kwa kinyozi. Simu inafanya mengi, sawa, lakini CV ya kurasa tatu inataka kibodi, fomu ya cheti cha mwenendo mwema inataka kuprintiwa, na kuna wazazi wanaoamini kwamba jambo la serikali halijafanyika mpaka karatasi itoke ikiwa na joto.

Sasa chukua kompyuta moja inayokaliwa na watu thelathini kwa siku. Brauza haijui ni watu thelathini. Inadhani ni mtu mmoja, tena mwenye tabia za ajabu: saa tatu asubuhi anatafuta kazi ya ulinzi Qatar, saa nne anasoma kuhusu mimba, saa tano anabeti, saa sita anapakua cheti cha PIN, saa saba anatafuta mistari ya Biblia ya kusomwa mazishini. Na kwa kuwa inataka kumsaidia huyu mtu wake mmoja, inamwekea kumbukumbu ya kila kitu alichogusa, ili kesho asisumbuke kuandika tena.

Siku ya kwanza bosi alinipa sheria moja. Mteja akiinuka, futa historia kabla hujakalisha mwingine. Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, weka tiki, bonyeza, sekunde kumi umemaliza. Wiki ya kwanza nilifanya hivyo kama askari. Wiki ya pili nikawa nafanya kama hakuna foleni. Ya tatu, wacha tu.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama mmoja wa makamo akaketi nambari nne. Alikuwa mteja wetu wa kawaida, ananiita "mwanangu", na karibu kila mara alikuja na barua za chama za kuchapa. Siku hiyo alikaa kama dakika ishirini bila kuniita hata mara moja. Akainuka, akasema faili iko tayari niiprinti, akaja kusimama kando ya printa, ile mgonjwa. Kijana wa boda aliyekuwa akingoja akateleza mpaka nambari nne hata kabla kiti hakijapoa. Mimi nilikuwa na jicho moja kwa printa na lingine kwa mechi kwenye simu. Sikufuta kitu.

Kijana alitaka tovuti ya kubeti. Akaandika herufi moja. Brauza, kwa wema wake, ikamalizia.

Sitaandika hapa ilimalizia nini. Si yangu kusema, hata leo. Nitasema tu kwamba lilikuwa swali la ugonjwa, lilikuwa refu, na lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili cha upole, kama mtu anayemuuliza dada yake jikoni. Yule kijana hakuwa na ubaya. Aliona ni kichekesho, akalisoma kwa sauti, kisha akauliza, "Wee, ni nani ako na hii kitu hapa?" Watu wawili wakacheka. Mmoja wao alikuwa anaishi ploti moja na yule mama, na alikuwa amemwona akitoka kwa hicho kiti.

Nilimtazama mama. Hakugeuka. Aliendelea kuangalia karatasi zikitoka moja moja, pole pole, na hiyo printa haijawahi kuwa pole pole kama siku hiyo. Zilipoisha akanipa soo, akazikunja, akaondoka bila kungoja sitini zake. Nilimwita nikiwa na sarafu mkononi, "Mama, chenji yako!" na kabla sijamaliza nikaelewa kwamba kumwita mbele ya wale watu ni kumwongezea. Jioni bosi akahesabu pesa, akapata sitini zimezidi, akaniuliza zimetoka wapi. Nikamwambia sijui.

Hakurudi. Kuna saiba nyingine mbele ya stage, na nilikuja kumwona akishuka ngazi zake mara mbili.

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya hapo kilikuwa cha kijinga kidogo. Nilichapa tangazo kwa herufi kubwa, "KWA USIRI WAKO TUMIA INCOGNITO, ULIZA MHUDUMU", nikalibandika ukutani juu ya kila kompyuta. Wiki nzima hakuna aliyeuliza. Hapana, mmoja aliuliza, kijana wa rika langu. Aliinua mkono kama yuko darasani, akasema polepole, "Boss, hiyo Incognito inafunguliwa aje?" Vichwa vitano vikageuka. Kuna mtu akakohoa kile kikohozi. Kijana akasema ah, basi, haina haja, akafungua YouTube akatazama muziki dakika kumi akaenda.

Hapo ndipo shida ikaniingia kichwani. Tulikuwa tunamwambia mtu kwamba akitaka kujisitiri, kwanza atangaze. Yule mama, hata kama angejua hiyo kitu ipo, asingeinua mkono. Anayeihitaji zaidi ndiye atakayeogopa zaidi kuiomba. Basi isiombwe. Iwe ndiyo njia ya kawaida, ya kila mtu, ya anayetafuta dawa na ya anayetafuta matokeo ya ligi, na mtu yeyote akikaa aikute tu hapo bila kujua imewekwa na nani wala kwa sababu gani.

Jumapili saiba ikiwa imefungwa nilienda nikaketi nambari moja. Inafanywa hivi. Kwenye Windows, bofya aikoni ya Chrome iliyo kwa desktopu kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague Properties. Utaona kisanduku kimeandikwa Target, na ndani yake anwani ndefu inayoishia na chrome.exe halafu alama ya kufunga nukuu. Nenda mpaka mwisho kabisa, upite hiyo alama ya nukuu. Weka nafasi moja. Andika vistari viwili na neno lenyewe, vikiwa vimeshikana: --incognito. Bonyeza OK. Umemaliza.

Mimi mara ya kwanza niliandika ndani ya nukuu, na Windows ikakataa, ikasema hilo jina si sahihi. Nilipoteza nusu saa nikidhani nimekosea tahajia. Kumbe ni kama kumtuma mtoto dukani. Kilicho ndani ya nukuu ni duka lenyewe, liko wapi. Kilicho nje, baada ya nafasi, ni kile unachotaka akifika. Ukivichanganya mtoto atazunguka mtaa mzima akitafuta duka linaloitwa Nusu Mkate.

Kama unatumia Firefox, maneno ni -private-window, na kwa Edge ni -inprivate, kistari kimoja mbele kinatosha. Mwenye Ubuntu, amri ni google-chrome --incognito, iweke kwa aikoni yako ya kufungulia. Na kama hutaki kuweka chochote, Ctrl, Shift na N kwa pamoja inafungua dirisha la aina hiyo kwa Chrome na Edge, ila mteja wa saiba hatakumbuka hiyo, na hafai kulazimika kuikumbuka.

Halafu nikafanya kitu ambacho naona ndicho kilichokuwa na maana kuliko vile vistari. Nilibadilisha jina la aikoni. Kama ingeitwa Incognito, tungerudi kwa kile kikohozi. Nikaiita INTANETI. Nikafuta aikoni ya zamani ya Chrome kwa desktopu, na ile ya chini kwenye mwambaa pia nikaitoa, kwa sababu hiyo ni njia nyingine kabisa na haijui ulichobadilisha kule juu. Ukiiacha, nusu ya watu watapitia hapo. Kompyuta sita, aikoni moja moja, zote zinafanana.

Jumatatu asubuhi kabla ya wateja nikaketi nambari nne kujaribu. Nikabofya INTANETI. Dirisha likaja jeusi, safi, na ile picha ya kofia na miwani. Nikaandika ile herufi moja.

Swali la mama likatokea.

Manze, nilihisi tumbo likishuka. Ndipo nikajua kwamba Incognito haiandiki mambo mapya, lakini yale ya zamani yaliyohifadhiwa na brauza ya kawaida bado inayasoma ili ikupendekezee. Nilikuwa nimeweka pazia jipya kwenye chumba ambacho hakijafagiliwa. Kwa hivyo ukiweka njia hii ya mkato, kabla hujaringa nayo, rudi kwa brauza ya kawaida ufute historia yote. Yote, chagua All time, si Last hour ambayo mara nyingi ndiyo inayokaa hapo mbele. Na nywila zilizohifadhiwa, na zile fomu zinazojijaza zenyewe. Nilikuta namba za simu za watu kwenye hizo fomu, majina kamili, hata namba za kitambulisho.

Baada ya hapo mambo yalienda vizuri wiki mbili. Wateja wachache walilalamika kwamba sasa inabidi waingie upya kwa barua pepe kila wanapokuja, na Google inawatumia msimbo kwa simu. Niliwaambia ndiyo maana yake. Bosi hakulalamika hata kidogo, kwa sababu kuingia upya ni dakika, na dakika ni shilingi.

Halafu siku moja mzee mmoja akaniita nambari mbili. "Kijana, njoo uone. Hii si yangu." Alikuwa amebofya INTANETI, akaandika Gmail, na badala ya kuulizwa nywila akajikuta ndani ya barua za msichana aliyekuwa ameketi hapo kabla yake. Barua ya kuitwa kwa mahojiano ya kazi ilikuwa hapo juu kabisa, haijasomwa. Mzee alikuwa amekunja mikono, amesogeza kiti nyuma, hataki hata kugusa mausi. Mungu ambariki huyo mzee. Wangapi wangefanya hivyo?

Sababu ni hii, na ukisahau yote niliyoandika shika hii. Madirisha yote ya Incognito yanayofunguka kwa wakati mmoja yanatumia kapu moja. Ukiwa umeingia kwa barua pepe kwenye dirisha la kwanza, la pili linajua. Kapu linamwagwa dirisha la mwisho likifungwa, si kabla. Yule msichana hakufunga, alilishusha tu chini ya skrini akaondoka. Mzee akafungua lingine juu yake, kapu likawa ni lile lile. Ukiangalia juu upande wa kulia, Chrome yenyewe hukuonyesha: ikiwa kuna zaidi ya dirisha moja, kando ya neno Incognito kuna nambari. Ukiona mbili na umefungua moja, kuna mgeni.

Kwa hivyo aikoni haikunitoa kazini. Ilinipunguzia tu, kutoka kufuta hiki na kile mpaka kufunga madirisha yote mteja akiinuka. Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu, na la pili lilikuwa kudhani nimeajiri aikoni ifanye kazi yangu.

Na kuna folda ya Downloads. Incognito ikipakua faili, faili inabaki. Haina habari nayo. Ile folda ya nambari sita nilipoifungua ilikuwa na miaka ndani yake: vitambulisho vilivyoskaniwa mbele na nyuma, vyeti vya kuzaliwa, barua za kufutwa kazi, hati ya shamba la mtu kule kwao, matokeo ya maabara. Yeyote mwenye shilingi tano angeweza kukaa dakika tano na kutoka na maisha ya mtu kwenye flashi. Hiyo sikuipatia njia ya mkato. Kila jioni nilikuwa nazifuta kwa mkono, Shift na Delete, kompyuta moja baada ya nyingine, huku bosi akiniuliza kama nalipwa kwa saa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna wasee wanafungua lile dirisha jeusi na kujiona wamekuwa majasusi. Incognito inakusitiri kwa mtu atakayekaa kwa hicho kiti baada yako. Ni hayo tu. Mwenye waifai anaweza kujua umeenda tovuti gani. Kampuni inayokuuzia intaneti pia. Tovuti yenyewe inajua umefika, na ukiingia kwa akaunti yako umeshajitambulisha kwa jina. Kama kompyuta ina programu ya kunasa kila unachochapa, incognito haitakuokoa. Na saiba yetu ilikuwa na kamera darini, imeelekezwa moja kwa moja kwa skrini, ati ya kuzuia wizi.

Hata wenye Chrome walipelekwa kortini kwa jambo hili. Kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2020, watu wakidai Google ilikuwa ikiendelea kukusanya data zao hata wakiwa Incognito, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Mwaka huo huo ilibadilisha maandishi ya ule ukurasa mweusi, ukaanza kusema wazi kwamba hali hii haibadilishi jinsi tovuti zinavyokusanya data, Google ikiwemo. Incognito ilikuwepo tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi watu walikuwa wakiangalia ile kofia na miwani wakijiona hawaonekani.

Kwetu tuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachosema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake binafsi kutofichuliwa bila sababu. Tuna pia sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Nazipenda hizo sheria, na nimesoma hicho kifungu zaidi ya mara moja tangu ile Jumamosi. Lakini Jumamosi mchana juu ya kinyozi, Katiba haikuwa imepanda ngazi. Aliyekuwepo ni mimi, na nilikuwa naangalia mpira.

Nilipozoea ile aikoni nikaiweka pia kwa laptopu ya nyumbani, tunayotumia sisi wote, mimi, wazazi na sista yangu mdogo aliye Form Two. Mathe akaiona siku ya pili. Mathe huona kila kitu. Akaniita sebuleni, akauliza, "Hii inaficha nini kwa kompyuta ya nyumba?" Nikamuuliza, "Mathe, ukienda kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa, si huwa unageuza simu ukiweka PIN?" Akasema ndiyo. "Na wewe ni mwizi?" Alinitazama kwa muda mrefu, ule muda ambao mtoto yeyote wa Kenya anaujua, halafu akasema PIN ni pesa, na mtoto wa kidato cha pili hana pesa.

Hakukosea kabisa, na sitajifanya nilishinda. Mzazi ana haki ya kuogopa kile mtoto anaweza kukutana nacho huko. Kuna watu wabaya, na historia ya brauza imewahi kumwokoa mtoto wa mtu. Lakini pia nilikuwa nimemwona sista yangu akiketi na ile laptopu, akiandika kitu, akifuta, akiandika tena nusu, akisikia hatua kwenye korido, akifunga. Msichana wa umri huo ana maswali kuhusu mwili wake ambayo hawezi kumuuliza baba, na yakibaki kwa historia, baba atayakuta akitafuta habari za saa moja. Tulikubaliana na mathe hivi: aikoni ibaki, laptopu itumike sebuleni, na yeye mwenyewe akae na sista waongee. Sijui waliongea nini. Hayo pia si yangu.

Mwaka uliofuata nilirudi pale saiba nikiwa likizo, nina fomu ya kuprinti. Kulikuwa na mhudumu mpya, kijana mdogo kwangu kama miaka miwili, na mechi ilikuwa inacheza kwa simu yake. Kompyuta zilikuwa zimewekwa Windows upya. INTANETI hakuna. Chrome ile ile ya rangi nne imerudi mahali pake kwa skrini zote sita, na nambari nne kulikuwa na mtu ameacha barua pepe wazi.

Nilimfungia huyo mtu barua yake, nikamwomba kijana akae kando yangu nimwonyeshe. Nikafanya ya nambari nne, pole pole, anaona. Akasema ameshika. Akaenda nambari tano, akafungua Properties, akaandika, akabonyeza OK, Windows ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akanigeukia akiwa amekunja uso, na nyuma yake mteja anapiga kelele kwamba printa imekwama.

"Uko ndani ya nukuu," nikamwambia. "Toka nje, weka nafasi."